Ncha ya Tao Ikiachia, Tazama Miguu Yake

Ufa ukitokea kwenye kilele cha tao la kale hapa Lamu, kinachoitwa kwanza ni saruji. Fundi anapanda ngazi, anakoroga kidogo kwenye karai, anajaza ufa, anapitisha mwiko na kupaka nyeupe juu yake. Ikifika Ijumaa tao linang'aa. Baada ya msimu mmoja au miwili ufa umerudi pale pale, au umehamia inchi chache kando ya saruji. Hapo tunamlaumu fundi, ama tunailaumu chumvi ya bahari. Mimi naona lawama hizo zinapotea njia. Ufa uko juu, ila chanzo chake mara nyingi kiko chini, kwenye miguu ya tao na kuta zinazoishika, na huko hakuna aliyekwenda kutazama.

Jambo hili si la Lamu tu, wala si la ujenzi tu. Kila mahali ambapo mistari miwili iliyopinda inakutana na kufanya ncha, iwe kwenye jiwe, kwenye jino au ndani ya moyo, ncha ndiyo inayoonekana, ndiyo inayopewa jina na ndiyo inayochorwa vitabuni. Lakini ncha ni makutano tu. Uzima wake unategemea pande mbili zinazokutana.

Tuanze na jinsi tao lenye ncha linavyochorwa. Chukua mlango wenye upana wa mita moja. Weka mguu wa bikari kwenye ukingo wa kushoto, panua bikari hadi ukingo wa kulia, chora mstari wa kupanda. Kisha hamisha mguu wa bikari uje kulia, uchore wa pili. Mistari hiyo miwili, kila mmoja kipande cha duara, itakutana juu katikati kwa ncha yenye kimo cha karibu sentimita 87. Tao la nusu duara kwa mlango huo huo lingekuwa na sentimita 50, wala huwezi kulizidishia bila kuharibu duara. Lenye ncha lina uhuru. Ukivisogeza vituo vya bikari ndani, ncha inashuka. Ukivipeleka nje, inapanda. Mwashi anaweza kuwa na milango mitatu ya upana tofauti na akaifanya yote iwe na kimo kimoja.

Uhuru huo ulijulikana mapema katika nchi za Kiislamu. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliokamilika mwaka 879, umesimama juu ya safu kwa safu za matao yenye ncha. Ulaya kaskazini ilichelewa: dari ya kanisa kuu la Durham, Uingereza, ilimalizika mwaka 1133, na sehemu mpya ya kanisa la Saint-Denis karibu na Paris ikafunguliwa mwaka 1144. Kwetu, mwenye kutaka kuona matao hayo yakiwa uchi, bila rangi wala paa la kuyafichia, aende magofu ya Gedi karibu na Malindi. Mji ule ulihamwa kufikia karne ya 17, na kuanzia 1948 James Kirkman akauchimba na kuutoa msituni. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kuna lango la jumba la mfalme lenye ncha kali juu. Kwenye Msikiti Mkuu, kando ya tao la mlango mmojawapo, waliochonga jiwe waliweka umbo la mkuki wenye ubapa mpana. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, miaka 23 baada ya Mji wa Kale wa Lamu ulioingia mwaka 2001.

Ukiwa pale Gedi, usiangalie ncha kwanza. Angalia kilichobaki kando ya ncha. Pale ambapo tao limesalia, ukuta wa kulia na wa kushoto umesalia nao. Pale ambapo ukuta wa upande mmoja umeanguka au umechukuliwa mawe, tao nalo limekwenda.

Sababu ni hii. Jiwe letu la matumbawe, lile linalochongwa likiwa bichi kutoka baharini na lile la mwamba mkavu, linavumilia sana kubanwa na halivumilii kuvutwa. Tao ni hila ya kulifanya jiwe libanwe tu. Nusu ya kulia inataka kuanguka kushoto, nusu ya kushoto inataka kuanguka kulia, zinakutana kwenye ncha na kuzuiana. Lakini uzito haukupotea. Umeteremka mabegani hadi miguuni, na miguuni hauendi chini tu, unasukuma pia kwenda nje. Kwa mzigo ule ule na upana ule ule, tao likiwa refu zaidi msukumo huo wa pembeni unapungua; kimo kikiongezeka maradufu, msukumo unashuka kwa karibu nusu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya ncha. Inapunguza msukumo, ila haiuondoi. Anayeushika uliobaki ni ukuta.

Mwingereza Robert Hooke aliiweka siri hii mwaka 1675 kwa fumbo la herufi zilizopanguliwa, na lilipofumbuliwa lilikuwa na maana kwamba namna mkufu unavyoning'inia, ndivyo tao gumu litakavyosimama ukiupindua. Jaribu nyumbani. Shika mkufu kwa ncha zake mbili, uache uning'inie. Utapata mpindo laini usio na kona. Sasa funga kitu kizito katikati. Mkufu unavunjika umbo pale pale na kufanya ncha ya kutazama chini. Upindue kwa mawazo: tao lenye ncha ndilo umbo linalofaa pale mzigo mkubwa unapokaa juu ya kilele. Halafu sogeza kile kizito pembeni, nusu ya njia kuelekea mkono wako wa kulia. Kona inahama. Katikati hapana ncha tena.

Hapa ndipo ninapotaka wenye nyumba wa mitaa ya ndani wanisikilize. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja na zaidi. Siku hizi tangi halikai mahali lilipokusudiwa na aliyejenga, kwa kuwa yeye hakuwa na tangi; linakaa pale bomba linapofika kwa urahisi, mara nyingi pembezoni mwa paa. Likikaa juu ya bega la tao, umbo ambalo tao lingehitaji ili kulibeba si lile lililojengwa. Tao litajitahidi, litajikunja kidogo, na dalili itatokea kwenye ncha. Kisha itaitwa saruji.

Msifikiri kila ufa ni msiba. Mhandisi Jacques Heyman, katika maandishi yake ya mwaka 1966 kuhusu mifupa ya majengo ya mawe, alionyesha jambo ambalo kila mtunza msikiti angepaswa kulijua. Miguu ya tao ikisogea nje kidogo, tao hupasuka mahali patatu, kimoja karibu na kilele na viwili chini zaidi, na mipasuko hiyo hufanya kazi kama bawaba. Tao lenye bawaba tatu bado limesimama salama. Linaweza kusimama hivyo kwa karne. Bawaba ya nne ndiyo inayoliangusha. Kwa hiyo swali la kuulizwa mbele ya ufa ni kama unatembea au umetulia. Ufa uliotulia ni kovu. Ufa unaotembea ni barua kutoka kwa miguu, na ukiuziba bila kuisoma umezima sauti ya anayekuonya.

Roma ilipata somo hilo kwa kuba la Mtakatifu Petro. Katikati ya karne ya 18 nyufa zilienea mpaka Papa akawaita wanahisabati. Giovanni Poleni alichukua fikra ya Hooke, akaning'iniza mkufu wenye vizito vinavyolingana na uzito wa kila sehemu ya kuba, akaona kuwa umbo lenyewe lilikuwa zima. Tatizo lilikuwa mtanuko wa sehemu za chini. Tiba iliyowekwa ilikuwa mikanda ya chuma ya kulifunga kuba kiunoni. Hakuna aliyepandishwa kwenda kubandika kilele.

Sasa njoo kwenye jino. Chonge lina ncha moja. Magego madogo kwa kawaida yana mbili. Gego kubwa la kwanza la juu lina nne, na baadhi ya watu wana kijincha cha tano upande wa ulimi, kile alichokieleza Georg Carabelli mwaka 1842. Gego la kwanza la chini mara nyingi lina tano. Ncha hizi zinafanya kazi kwa kuingia kwenye mabonde ya meno ya upande wa pili, ndiyo maana mnofu unasagika.

Jino linapooza katikati, kati ya ncha na ncha, daktari huondoa sehemu iliyooza na kujaza. Shimo likiwa kubwa, likipita kutoka upande mmoja wa jino hadi wa pili, ncha zilizobaki zimesimama kama zamani, ngumu na nyeupe kama zamani, lakini zimepoteza kitu kilichokuwa kikizishikanisha. Kila unapotafuna zinasukumwa nje kidogo. Siku moja mtu anauma mfupa, au hata mkate tu, na ncha nzima inakatika. Mgonjwa anadhani mkate ulikuwa na jiwe. Mganga wa meno anajua kuwa ncha ilikuwa haina kosa. Ndiyo maana jino lililochimbwa sana huvishwa kofia inayozishika ncha zote kwa pamoja kutoka nje. Ni tiba ile ile ya kuba la Roma, na imefikiwa na watu ambao huenda hawakuwahi kuwaza habari za majengo.

Moyo unanishangaza zaidi. Vali ya upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, ina vipande viwili vya utando. Ya kulia ina vitatu. Matabibu huviita vipande hivyo ncha, na huzitambua vali hizo kwa hesabu yake. Vipande hivyo vimefungwa kwa nyuzi nyembamba zilizoshikwa na misuli midogo iliyo kwenye ukuta wa moyo. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila mara kingo hizo lazima zikutane barabara, la sivyo damu hurudi ilikotoka.

Kuna ugonjwa ambapo vipande vyenyewe ni vizima kabisa. Havina kovu, havijakakamaa. Lakini moyo umetanuka, kwa shinikizo la damu la miaka au kwa sababu nyingine, na pete ambayo vipande vimeota juu yake imepanuka pamoja nao. Miguu imesogea nje. Kingo hazifikiani, vali inavuja. Mpasuaji wa Kifaransa Alain Carpentier, mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kushona pete imara kwenye msingi wa vali ili kuurudisha katika kipimo chake, na kingo zikakutana tena. Nikisoma habari hiyo huwa nawaza kuta za Lamu zilizoachiana kwa sababu boriti zimeoza.

Lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili. Wapo wagonjwa ambao kosa liko kwenye ncha hasa. Mtoto akipata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, anaweza kupata homa ya rumatiki, na miaka baadaye kingo za vali zinashikana kwa kovu, mlango haufunguki vizuri. Hapo kuimarisha msingi hakusaidii kitu. Kazi iko kwenye kingo zenyewe. Na kwa wahandisi wa chuma, kona kali ni adui anayejulikana. Charles Inglis alionyesha mwaka 1913 kwamba bamba lenye tundu likivutwa, nguvu hukusanyika mahali ukingo wa tundu unapopinda kwa ukali zaidi, na kadiri kona inavyokuwa kali ndivyo inavyozidi. Ndege za abiria za Kiingereza aina ya Comet zilizoanguka mwaka 1954 ziliwafundisha watengenezaji wa ndege jambo hilo kwa roho za watu: nyufa zilianzia kwenye kona za matundu ya bodi. Ila tazama neno lenye uzito hapo: likivutwa. Bodi ya ndege inavutwa na hewa iliyo ndani. Tao linabanwa. Mradi linabanwa, ncha yake haina neno. Siku ncha itakapoanza kuvutwa, ujue miguu imekwisha kuondoka.

Kutokana na hayo, tundu la dirisha la pembe nne linalotobolewa leo kwenye ukuta wa kale linanitia wasiwasi kuliko tao lililokaa miaka 200. Ufa utaanzia kwenye kona za dirisha hilo, na utapanda kuelekea tao la jirani.

Zipo ncha nyingine ambazo hazina mwili, nazo nitazipitia haraka. Mashua ya mashine inayokwenda Shela, penye kina cha kutosha, huacha nyuma mawimbi yaliyofungwa ndani ya pembe ya karibu nyuzi 39, iende pole au iende kasi, na kwenye kingo za pembe hiyo aina mbili za mawimbi hukutana na kufanya vilele vikali. Lord Kelvin alilipigia hesabu mwaka 1887. Jua likiingia pembeni mwa kikombe cha chai ya maziwa, mwanga unaorudishwa na ukuta wa kikombe huchora juu ya chai mistari miwili ya kung'aa inayokutana kwa ncha. Ukikigeuza kikombe ncha haigeuki nacho, inalifuata jua. Na zipo pembe mbili za mwezi mwandamo. Hapa kwetu, nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, hilali hulala karibu kama mashua, pembe juu, kwa sababu jua limezama karibu moja kwa moja chini yake. Mstari unaounganisha pembe hizo siku zote umekatana kwa pembe mraba na upande lilipo jua. Anayezitazama pembe za mwezi anasoma mahali pa jua asiloliona. André Danjon aligundua pia kwamba mwezi ukiwa karibu mno na jua pembe hizo hufupika, na chini ya nyuzi kama 7 hakuna hilali ya kuonekana kwa jicho. Wanaokaa ufukweni kungojea mwezi wa Ramadhani wanalijua hilo kwa uzoefu, hata kama hawakulisoma kwa jina lake.

Turudi kwenye kuta. Nyumba ya kale ya Lamu inasimama kwa kushikana. Boriti za mikoko zinabeba sakafu, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, visivyofika mita tatu kwa upana. Lakini boriti hizo hizo zinazishika kuta mbili zisiachane. Maji ya paa yakivuja kwenye ncha ya boriti iliyoingia ukutani, ncha inaoza kwanza, kimya, ndani ya jiwe, ambako hakuna anayeona. Sakafu haijaanguka bado. Ukuta lakini umeanza kuegemea njia. Ukuta ukiegemea, tao la mlango wa ukuta ule linafunguka juu.

Kwa hiyo ninapoona fedha za ukarabati zinaishia kwenye sura, yaani kupaka upya, kurudisha nakshi, kuziba ncha, nasikitika, kwa sababu ni fedha ya kweli na nia ni njema. Saruji nayo inaongeza dhara. Ni ngumu kuliko jiwe lililo kando yake na haipumui. Chokaa ya kuchoma matumbawe inaruhusu unyevu kutoka. Saruji inaufungia ndani pamoja na chumvi, na jiwe linamung'unyika nyuma ya kiraka kilicho kizima. Tao likitaka kujongea kidogo, chokaa inakubali. Saruji inakataa, na mpasuko unakwenda kutafuta jiwe.

Sipingi nyumba mpya zenye matao ya zege yaliyomiminwa kwenye kibao. Ni pambo, na mtu ana haki ya kupamba nyumba yake kwa umbo la wazee wake. Ninachokihofia ni kijana anayejifunza ufundi kwenye nyumba hizo peke yake, ambapo linta ya chuma na zege ndiyo inayobeba na ncha iko pale kutazamwa tu, halafu anapelekwa kutengeneza mihrabu ya karne ya 18 yenye upinde wa mawimbi na vijincha kila wimbi. Atafanya alichozoea. Atatengeneza sura.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," walisema wazee, na walisema kweli. Hawakusema kuziba ndiyo kazi ya kwanza. Kazi ya kwanza ni timazi, ile kamba yenye kizito ya kupimia wima. Iteremshwe kwenye ukuta wa kulia wa tao na wa kushoto, ionekane ni upi umeondoka wima. Kisha kipande chembamba cha kioo kibandikwe kwa plasta kukatiza ufa, kiandikwe tarehe. Kikivunjika, ufa unatembea. Kikikaa masika yote bila kuvunjika, ujazwe kwa chokaa na watu wapumzike. Kama unatembea, kitafutwe kinachoisogeza miguu: boriti zilizooza, mfereji unaomwaga maji kwenye msingi, ukuta wa jirani uliobomolewa kupisha chumba kipya, tangi lililowekwa begani. Gharama ya kioo na timazi ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji.

Kamati za misikiti na wasimamizi wa wakfu wanaweza kuanza bila kungoja mfadhili. Mvua kubwa huja Aprili. Kabla ya hapo paa zote zenye tao chini yake zipandiwe, mifereji isafishwe, matangi yaliyokaa mahali pabaya yahamishwe, na kila ncha ya boriti inayofikika idungwe kwa kisu kuona kama bado ni mti au imekuwa unga. Fundi atakayefanya kazi hiyo alipwe sawa na yule wa kupaka rangi, tena alipwe kwanza.